Mikono ya Komeo

Shangazi aliyemlea alikuwa akisema kwamba watoto wengine huzaliwa wakilia, lakini huyu wake alizaliwa amekunja ngumi, akitafuta wa kuanza naye. Alikuwa akitia chumvi, bila shaka, ila si nyingi. Darasa la tatu alimng'oa mwenzake jino kwa sababu ya kalamu. Sekondari aliimaliza kwa kusukumwasukumwa, akatoka na cheti chepesi na mabega mapana. Akabeba mizigo kwenye bohari moja mpaka siku alipomtia msimamizi wake ndani ya pipa, kichwa chini miguu juu. Mtu wa namna hiyo anabakiwa na kazi moja tu duniani. Akawekwa mlangoni kwenye ukumbi wa muziki, na hapo ndipo alipoitwa Komeo, kwa kuwa akishasema mlango umefungwa, umefungwa.

Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema alikuwa anapiga. Ni vitu viwili tofauti, ingawa anayepigwa haioni tofauti yenyewe iko wapi.

Jumapili moja, kwenye onyesho la mchana, ugomvi ulizuka karibu na jukwaa. Chupa ziliruka, viti vikafuata, na Komeo na wenzake wakaanza kuwatoa watu kwa ukosi, wenye makosa na wasio na makosa, maana kazi ile haina muda wa kusikiliza kesi. Kijana mmoja mwembamba alitolewa, akarudi. Akaushika mwimo wa mlango wa chuma kwa mikono miwili, akapiga kelele kwamba begi lake limebaki ndani, lina kompyuta yake na kitabu chake. Komeo akamwambia aachie. Kijana akamtukana tusi la nguoni, mbele za watu.

Komeo aliiona ile mikono. Nataka hili lijulikane mapema, kwa sababu yeye mwenyewe alimwambia kila aliyemuuliza kwamba hakuiona. Aliiona vizuri kabisa, vidole vyote vimekumbatia chuma. Damu ilikuwa imeshamchemka, akausukuma mlango kwa bega lake zima. Ukatoka mlio mdogo, kama wa mtu aliyekanyaga ukuni mkavu, halafu ukatoka ukelele ambao uliunyamazisha hata muziki.

Kesho yake alilipeleka begi hospitali. Alimkuta kijana amelala, mikono yote miwili imefungwa plasta hadi kwenye viwiko, na pembeni yake ameketi mama yake, mwanamke mfupi, fundi cherehani, ambaye mwanawe huyo ndiye pekee aliyekuwa amebaki naye.

"Shikamoo, mama," Komeo akasema.

Mama hakuitikia. Aligeuka kwa mwanawe. "Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Basi naenda polisi sasa hivi, akiwa bado amesimama hapa."

"Mama, ngoja. Akifungwa, mimi nitapata nini?"

"Mimi nitapata usingizi!"

"Mimi sitapata kitu," kijana akasema. Uso ulikuwa umemkunjamana kwa maumivu, lakini akili ilikuwa inafanya kazi kama saa. "Huyu ana mikono, mimi sina. Nina mradi wa mwisho chuoni, nisipoutoa muhula huu nimekwisha. Chuo kimekubali niwe na wa kuniandikia, ila wamesema awe mtu asiyejua kitu kuhusu programu, asije akanitilia maneno." Akamwangalia Komeo kuanzia utosini mpaka kwenye viatu. "Nani atamshuku huyu?"

Daktari alikuwa ameshasema yake. Mkono wa kushoto ungepona, ulivunjika vidole tu. Wa kulia ulikuwa umesagika kiganjani. Mifupa ingeunga endapo ingeachwa itulie, lakini ikivunjika tena hapohapo, mkono ule ungebaki pambo. Na programu, mabwana, huandikwa kwa mikono. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima mama usingizi, na si polisi wala chuo.

Akasimama mbele ya Komeo, kichwa chake kikamfika kifuani. "Utakuja kwangu. Utamwandikia. Lakini sikiliza. Siku utakayoinua mkono wako mbele ya mwanangu, hata kama unafukuza nzi, nakupeleka polisi na mkono huohuo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

Ndivyo baunsa alivyoanza kusoma programu.

Walikaa kwenye meza ya dirishani, chumba cha mbele, na upande wa pili wa pazia cherehani ya mama ilikuwa ikinguruma mchana kutwa. Ikinyamaza, Komeo alijua anachunguliwa. Viganja vyake alivilaza juu ya meza, waziwazi. Nzi walitua kwenye masikio yake, wakatembea, wakaondoka wenyewe.

Kijana alikuwa mwalimu mkali kupita kiasi. Kwanza alikataa kuitwa dogo. "Niite mwalimu." Kisha akaanza kutamka mistari, na Komeo akaitafuta herufi moja moja kwa kidole kilichokuwa kikifunika vitufe viwili kwa mpigo. Kila alipokosea, kijana alimpiga teke la ugoko chini ya meza. Mikono hana, miguu anayo.

"Nimesema mabano ya mviringo! Hayo ni ya mraba. Hayo usoni kwako ni macho au vifungo vya shati?"

"Macho, mwalimu."

"Basi yatumie. Na nuktamkato iko wapi? Umeimeza?"

Teke. Komeo aliwahi kupigwa na watu watatu wenye rungu na hakusema kitu, lakini yale mateke ya mtoto mwembamba yalimtoa machozi, si kwa uchungu, ni kwa sababu hakuruhusiwa kuyajibu. Jioni akivua suruali aliukuta ugoko wake wote umegeuka rangi ya bilinganya. Akasema moyoni kwamba ni haki yake. Akarudi kesho yake.

Kitabu kilikuwa wazi mbele yao muda wote. Kilikuwa kinene, kizito cha kumpasulia mtu kichwa, na kilimwandama msomaji bila huruma. Mazoezi yake hayakuwa na majibu nyuma. Tena kilikuwa na tabia moja ya kuudhi: kila kilipofika mahali pagumu pasipoonekana mbele wala nyuma, kiliandika "ni wazi kwamba" kisha kikaruka kwenda mbele. Wazi kwa nani? Mimi mwenyewe nimewahi kukifungua kitabu cha aina hiyo na nikatamani kumpata aliyekiandika, tuongee nje.

Komeo alikuwa haruhusiwi kukielewa. Sharti la chuo lilikuwa hilo. Lakini dawa za maumivu zilikuwa zikimlaza kijana kila baada ya chakula, na Komeo alibaki peke yake na kurasa zile, mikono mezani, hana pa kwenda. Mwanzoni alisoma kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Halafu siku moja alijaribu kitu kidogo, mistari mitatu, pembeni, mbali na mradi. Kompyuta ikamjibu amekosea. Akabadilisha. Ikamjibu amekosea. Akaikunjia ngumi, akakumbuka pazia, akailegeza. Mara ya tatu ikatii.

Ndugu msomaji, mtu yule alikaa akiikodolea macho ile skrini kana kwamba imemtaja jina. Maisha yake yote alizoea kuona watu wakibadilika sura akiwakaribia. Walimwogopa, wakamchekea, wakamwomba msamaha hata kwa makosa ambayo hawakuyafanya. Chombo hiki hakikumwogopa. Ukikosea kinakuambia umekosea, hakitetemeki, na ukipatia kinakubali bila kukulamba miguu. Alifurahi mno. Alifurahi mpaka akaona aibu.

Tangu hapo kitabu kilimfuata hadi kazini. Akisimama mlangoni ukumbini aliwaona watu wamekuwa masharti: kama amelewa, mzuie, kama hajalewa, mpitishe, rudia mpaka foleni iishe. Siku moja mlevi mmoja alimnyanyulia chupa. Zamani angekuwa ameshamlaza chini kabla chupa haijafika begani. Safari hii Komeo alijisemea, kama akiishusha, basi nitamshika, la sivyo... na kabla hajafika kwenye la sivyo chupa ikampasukia kichwani. Wenzake walimkuta amekaa sakafuni, damu inamtiririka hadi kwenye kola, anacheka peke yake. Mlevi naye walimfanya asahau njia ya kwao.

Alikwenda kwa mwalimu wake na kichwa kimefungwa kitambaa. Mama alitoka nyuma ya pazia, akamketisha kwenye kigoda bila kumwomba, akafungua kile kitambaa, akatoa kipande cha chupa kwa koleo ndogo ya kuvutia uzi, akamwaga dawa ya kidonda bila kumpa pole. Komeo aling'ata meno, mikono juu ya magoti. Alipomaliza kufunga, mama akasema, "Marahaba."

Siku hiyo Komeo alikuwa amesahau kabisa kusalimia.

Kwa hiyo mambo yalikuwa yanaelekea pazuri, na hapo ndipo mtu anapotakiwa kuogopa. Mkono wa kushoto ulifunguliwa. Wa kulia uliondolewa plasta nzima, ukabakizwa nusu yake kwa chini, umezungushiwa bendeji, na daktari akasema mifupa inaunga vizuri, avumilie siku chache tu. Mradi nao ulikuwa umebakiza kukaguliwa. Kijana alianza kupiga mateke ya mazoea tu, yasiyo na nguvu. Siku nyingine alimaliza ukurasa mzima bila kumtukana mtu.

Komeo akataka kumpa zawadi.

Programu yenyewe ilikuwa ya kukagua ghala. Ilichukua rundo la masanduku, ikafungua la juu, ikaandika kilichomo, kisha ikajiita yenyewe upya ishughulikie yaliyobaki, na yaliyobaki nayo hivyohivyo. Kitabu kilikuwa na sura nzima ya ujanja huo wa kazi inayojiita yenyewe, na ndiyo sura iliyompendeza Komeo kuliko zote. Mstari wa kwanza wa kipande kile ulisema: kama rundo ni tupu, acha, rudi ulikotoka. Komeo aliutazama sana mstari ule. Yeye alikuwa amekagua mifuko ya watu miaka yote. Mfuko mtupu huuandikii sheria, unaupita tu. Na alikuwa amemsikia kijana akilalamika kwamba wakaguzi wa chuo wanakata alama kwa kila mstari usio na kazi. Kitabu kilikuwa kimeugusia kwa sentensi moja: ni wazi kwamba bila mstari huo kazi haina mwisho, na kuthibitisha hilo kumeachwa kuwa zoezi la msomaji. Komeo hakuwa amefanya zoezi. Sentensi yenyewe aliiruka, kama alivyoziruka zote zilizoanza na maneno yale.

Kijana alikuwa amelala. Komeo akaufuta mstari, akahifadhi, akakaa kusubiri kwa furaha.

Kijana aliamka, akanawa uso kwa mkono wa kushoto, akasema waijaribu kwa mara ya mwisho kabla ya kuipeleka. Komeo akabonyeza. Programu ilianza, ikayamaliza masanduku yote, halafu ikaendelea. Ikajiita, ikajiita tena, ikafungua utupu ndani ya utupu. Feni ya kompyuta ikaanza kulia. Skrini ikaganda, ikawa nyeusi.

"Umegusa nini?" kijana akauliza.

Wapo watu wangejifanya hawajui. Komeo hakuwa na akili hiyo. "Nimekuondolea mstari mmoja, mwalimu. Ule wa rundo tupu. Niliona hauna kazi."

Kijana aliitazama skrini nyeusi. Angeweza kucheka. Mstari mmoja ungerudishwa kwa muda wa kupiga chafya, na hakuna kilichoharibika ambacho hakitengenezeki. Lakini si mstari aliokuwa akiufikiria. Rangi ilimtoka usoni, na sauti ikatoka imepoa.

"Uliona hauna kazi."

"Ndiyo, mwalimu. Nisamehe."

"Na mikono yangu? Siku ile mlangoni, uliona haina kazi?"

Upande wa pili wa pazia cherehani ilinyamaza.

"Nakuuliza swali. Umemwambia mama hukuiona. Umemwambia daktari hukuiona. Nakuuliza mimi, mwalimu wako. Uliiona?"

Komeo alikuwa na uongo wake tayari, ameuzoea, umelainika kwa kutumiwa. Alifungua mdomo autoe. Lakini muda wote ule alikuwa amekaa mbele ya kitu kinachosema umekosea au hukukosea, na uongo ukakataa kutoka.

"Niliiona, mwalimu."

Kijana alipiga yowe, akainua mkono wa kulia, ule wenye nusu plasta, akaurudisha nyuma ya bega kabisa.

Hapa tusimame kidogo, maana Komeo alisimama. Mtu aliyelala na kuamka na ngumi huona ngumi inatoka tangu begani. Aliuona mkono ule unapanda. Alijua utatua wapi, kwa nguvu gani, na utapita njia ipi. Kuudaka ilikuwa kazi ya vidole viwili. Viganja vyake vilikuwa juu ya kibodi, na vikajaribu kuondoka vyenyewe, akavikandamiza chini mpaka vitufe vikaingia ndani. Hatainua mkono mbele ya mtoto yule. Alikuwa amemwahidi mama, na tena aliona kwamba kipigo hiki ni chake, anadaiwa. Akafumba macho, akakitega kichwa.

Mkono ulimtua juu ya jicho. Ngozi ikachanika, damu ikaruka kwenye skrini. Kijana akapiga tena, kwenye mfupa wa paji la uso, na safari hii wote wawili wakausikia ule mlio. Akapiga mara ya tatu, mkono ukiwa umeshalegea kuanzia kwenye kifundo, akauangalia, akaanguka chini akipiga mayowe.

Mama alilivuta pazia likang'oka na kamba yake. Alimwona mwanawe sakafuni amejikunja, na juu ya kiti lile jitu limeloa damu hadi kifuani, macho limefumba, mikono bado iko juu ya kibodi.

Hospitali walikaa kwenye benchi la ukumbini, mama na Komeo, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Muuguzi alikuwa amemshona Komeo jicho. Mama hakumtazama alipoanza kuongea.

"Ulikuwa unauona ule mkono unakuja?"

"Niliuona, mama."

"Ungeweza kuudaka?"

"Ningeudaka."

"Hata ule wa pili?"

"Yote, mama."

"Sasa kwa nini hukuudaka?" Sauti ilimpasuka, watu wakageuka. "Baradhuli wewe, si kazi yako hiyo? Si ndiyo kazi pekee unayoijua? Kwa nini hukuudaka mkono wa mwanangu?"

"Ulisema nisiinue mkono."

Mama aliinama. Akashika kichwa, akaanza kulia kimyakimya, mabega yakimcheza, na Komeo akakaa palepale, viganja juu ya magoti.

Daktari alitoka. Hakuzungusha maneno. Mifupa ilivunjika palepale, na vipande vimetoboa nyama. Wangeufunga, kidonda kingepona, lakini kiganja kile kisingekunja wala kukunjua tena. Mama alisema ahsante, kama watu wanavyosema ahsante kwa habari za namna hiyo.

Wakaingia. Kijana alikuwa ameegemezwa mto, macho makavu, mkono wa kulia umening'inizwa kwenye kamba. Alikuwa ameshaambiwa.

"Sogea," akamwambia Komeo.

Komeo akasogea.

"Inama."

Akainama. Kijana akakusanya mate mdomoni, taratibu, akamtemea usoni. Yalimpata chini ya jicho lililoshonwa.

"Kesho uje," kijana akasema. "Mstari uurudishe mahali pake. Chuoni wakikuuliza, hujui kitu, wewe ni baunsa. Mradi ukishapita unaanza kitabu, ukurasa wa kwanza. Kila zoezi. Usiruke hata moja, maana mimi sitaandika tena. Utaandika wewe mpaka tuzeeke."

"Ndiyo, mwalimu."

Mate yalimteremka kando ya pua, yakafika mdomoni, yakaanza kudondoka kidevuni. Komeo alisimama wima, mikono imening'inia ubavuni, asiguse hata shati. Mama alimwangalia kutoka mlangoni kwa muda mrefu.

"Jipanguse," akasema.

Komeo hakusogea. Akamtazama kama hakusikia.

"Nimekuruhusu. Jipanguse uso."

Ndipo Komeo akainua mkono, polepole, akajipangusa.